Bintu Amebaki Kwenye Mianzi

Watu wa mtaa wetu wa Kasha wakikuambia kwamba fundi Placide hasikilizi mambo ya jirani, usiwaamini. Ni mimi mwenyewe niliyewaambia. Nilikuwa nasema hivyo kwa kujigamba, mbele ya redio zilizopasuliwa matumbo mezani kwangu, nao wakaniamini, kwa sababu masikio yangu yalikuwa kazini kutwa nzima na walidhani jioni yanapumzika. Uongo mtupu. Kwa miaka kumi na moja nilisikiliza kupitia ukuta wa mbao yote ambayo Maman Bibiane na dada yake Bintu waliambiana baada ya kuwasha moto, na sikumweleza mtu.

Huo ukuta nao una habari yake. Nyumba yetu iko kwenye mteremko, juu ya Bagira, pale jiji la Bukavu linapochoka na mashamba ya maharagwe yanapoanza. Mwenye nyumba alijenga moja ndefu, kisha akaikata katikati kwa mbao ili apate wapangaji wawili. Mbao zilipokauka zikaachana. Upande wangu nilibandika kalenda za parokia zenye picha za watakatifu, mwaka juu ya mwaka. Upande wao hawakubandika kitu, na mwanga wa moto wao ukawa unapenya kwangu pembeni mwa watakatifu.

Mke wangu Domitille alipofariki, nyumba ilinishinda. Redio ninazo nyingi, lakini redio haikujibu ukiiuliza kama maharagwe yameiva. Jioni moja, mwezi wa pili baada ya maziko, nilizima redio ya mteja niliyokuwa naijaribu, nikasikia upande wa pili mwanamke anataja jina la mahali, polepole. Kisha akauliza, "Umefika?"

Sauti nyingine ikajibu, "Nimefika."

"Uko nakanyaga nini?"

"Mawe ya kidogokidogo. Maji iko napita mu vidole."

Nikavuta kiti karibu na ukuta. Tangu jioni hiyo sikukiondoa.

Maman Bibiane na Bintu ni Batwa. Siku hizi mashirika yamewapa jina refu la Kifaransa, lakini sisi Bashi tulikuwa tunasema Batwa tu, na namna tulivyolitamka neno hilo haikuwa nzuri. Nami sikuwa bora kuliko wengine. Miaka ile ya kwanza Bibiane alipopiga hodi kuomba maji, nilimpa kwa kikombe cha plastiki cha kijani kilichotundikwa msumarini, cha kwao, ambacho mimi sikukinywea. Alikuwa anakunywa, anakikung'uta, anakitundika mwenyewe pale pale. Domitille ndiye aliyekichukua siku moja akakitupa kwenye takataka, akaniambia nikitaka kuchagua watu nianze na ndugu zangu. Alikuwa na ulimi, marehemu.

Bibiane alizaliwa porini, upande wa Kahuzi, kabla pori halijawa parc, hifadhi ya serikali. Alipotolewa humo pamoja na watu wake alikuwa na miaka kama kumi, na Bintu anamzidi miwili. Mama yao alikuwa amekwisha kufa, akazikwa kule ndani. Baba aliwashika mikono akashuka nao, na kwa kuwa hakujua kulima wala hakuwa na shamba la kulima, akawa anabeba mizigo ya watu mpaka naye akaisha. Wasichana walijifunza kufinyanga. Walichimba udongo kwenye kinamasi, wakatengeneza vyungu na yale majiko ya makaa tunayoyaita mbabula, wakayabeba kichwani hadi soko la Bagira. Bibiane aliolewa, mume akaenda kuchimba dhahabu Luhwindja, akaoa huko huko. Alizaa mara mbili na kuzika mara mbili. Bintu alipata binti mmoja, naye binti akamwachia mjukuu, Laurette, kisha akafa. Hao ndio waliokuwa ukoo mzima: wanawake wawili wazee na msichana mmoja.

Na njia. Ukoo wao ulikuwa na njia, na hiyo njia ndiyo waliyoisimulia.

Si hadithi ya sungura na fisi, ingawa wanyama wanapita humo, na nyani mmoja mwenye kiburi ambaye nilimcheka kimoyomoyo mara nyingi. Ni safari. Msimulizi anaanza kwenye kijito walichokivuka mwisho walipotoka, na anarudi ndani, mahali baada ya mahali, kumi na moja kwa jumla, mpaka panapoitwa Kwa Mama, lilipo kaburi. Majina yenyewe siyaandiki hapa, si yangu kuyatembeza. Kila mahali pana kisa chake: nani alipata asali pale, nani alichumbiwa, nani alimkimbia nguruwe akaacha ngozi yake ya kuvaa. Kisa kikiisha, msimulizi anamuuliza mwenzake kama amefika. Mwenzake lazima aitike, na lazima aseme anakanyaga nini. Hapo huwezi kudanganya. Kila mahali pana ardhi yake, na mguu uliowahi kufika unaijua.

Asipoitika, msimulizi anangoja. Hasogei. Kwao hilo ni sharti kubwa kuliko mengine yote, nami nililisikia Bibiane akimfundisha Laurette alipokuwa mdogo: mtu haachwi porini. Asiyejibu bado yuko nyuma, pengine ameumia, pengine amepotea, na ukiendelea bila yeye umemuua. Kulikuwa na sharti jingine, ambalo nililisikia jioni ile ile na likanifanya nitazame miguu yangu. Anayesikiliza njia bila kuitika ni mwizi.

Basi nilikuwa mwizi kwa miaka kumi na moja. Ningeweza kubandika magazeti kwenye nyufa. Sikubandika.

Laurette alijifunza mahali pa kwanza na pa pili, halafu akakua. Shuleni walimwita jina la watu wake kwa ile namna niliyoitaja. Akaacha shule, akashuka mjini, akapata kazi ya nyumbani kwa familia ya watu wa ofisini huko Nguba, kwenye nyumba za kando ya ziwa. Akawa anakuja Krismasi, mwishowe hata Krismasi akawa na kazi.

Wale wawili wakabaki wanasimuliana. Bibiane anauliza, Bintu anaitika. Unaweza kushangaa kwa nini watu wawili wanaojua kitu kimoja waambiane kila jioni. Mimi sikushangaa. Nilikuwa nimeishi na mke miaka ishirini na sita, na sikumbuki kama tuliwahi kuambiana jambo jipya baada ya mwaka wa tatu.

Miaka mitatu iliyopita, mwezi wa mvua nyingi, Bintu alikuwa anakohoa kwa wiki nzima. Walikuwa wamefika mahali pa tano, penye mianzi. Kisa cha hapo ni cha baridi: watoto wawili walilala ndani ya shina lililoanguka wakapashana joto mpaka wakubwa wakawapata. Bibiane alimaliza kisa. Akauliza, "Umefika?"

Nilingoja nikiwa na bisibisi mkononi. Nilijua jibu: majani makavu, yanateleza, chini yake baridi. Bibiane akauliza mara ya pili, kisha ya tatu, na mara ya tatu sauti yake haikuwa tena ya msimulizi. Niliruka kutoka kitini nikazunguka nje kwenye matope, lakini Bintu alikuwa amekwisha kwenda, ameegemea ukuta upande ule wa pili wa kiti changu. Tungekuwa tumegusana mabega kama si mbao.

Tulimzika. Laurette alikuja na viatu vizuri, akalia kwa kweli, akarudi Nguba siku ile ile.

Tangu hapo Bibiane hakupita mianzi. Jioni nyingine alikuwa anaanza peke yake kwenye kijito, anajiitikia mwenyewe kwa sauti ndogo, pa pili, pa tatu, pa nne. Akifika kwenye mianzi anauliza, na ananyamaza. Nilikuwa nasikia ule ukimya wake ukirefuka mpaka moto unazimika na anajilaza. Kwa hesabu ya ukoo wao Bintu alikuwa bado yuko pale, amesimama kwenye baridi, na ndugu yake asingemwacha. Mtu wa mjini atasema ni mambo ya uzee. Mimi nilikaa upande wangu nikijua kila neno lililofuata, nikawa kama mtu mwenye ufunguo mfukoni anayemtazama mwenzake akigonga mlango. Niliona aibu. Aibu hiyo hiyo ndiyo iliyonifunga mdomo.

Mwaka huu, kiangazi kilipoanza, ndipo Ariane alipokuja. Ni binti wa mjini, kasoma chuo, anafanya kazi na shirika dogo linalokusanya majina ya mahali kutoka kwa wazee waliotolewa porini. Walitaka kuchora ramani na kuipeleka Kinshasa pamoja na barua, kuomba familia ziruhusiwe kuingia mara moja kwa mwaka kutembelea makaburi. Kaburi lisilokuwa kwenye ramani halitakuwa kwenye barua. Bibiane alielewa hilo haraka kuliko mimi. Hakuwa amefika kaburini kwa mama yake tangu akiwa na miaka kumi.

Ariane alifika saa nne asubuhi, kama ofisi zote. Bibiane akamwambia njia haisimuliwi wakati watu wako mashambani, mpaka kazi iishe na moto uwake. Walijadiliana kwa adabu, na mwisho wakakubaliana kulidanganya jua: wakafunga mlango na dirisha, wakawasha moto, na ndani kukawa jioni. Mimi niliitwa kuja kutazama mashine ya kurekodi, ambayo betri yake ilikuwa inakufa. Nikabaki pembeni. Moshi ulitutoa machozi sote watatu, na Ariane, amevaa masikioni ile kofia ya kusikilizia, alikuwa anakohoa kwenye kiwiko ili asiharibu sauti.

Bibiane alianza kwenye kijito. Akauliza, "Umefika?" Ariane akatikisa kichwa kumaanisha ndiyo, akaweka kidole mdomoni, kwani alikuwa amefundishwa kwamba anayerekodi hatakiwi kusikika. Bibiane akamtazama, akajiitikia mwenyewe. Hivyo wakaenda mpaka kwenye mianzi. Pale akauliza, akanyamaza. Mashine ikarekodi moto, na mbuzi wa mtu huko nje.

Baada ya muda Ariane akaivua ile kofia, akaniuliza pembeni kama bibi amesahau. Nikamwambia hajasahau. Akamrudia Bibiane, akamwomba kwa upole apite tu hapo, ataje majina sita yaliyobaki, hata bila visa. Bibiane akasema hawezi, dada yake yuko pale. Ariane alidhani ni namna ya kuomboleza, akampa pole. Alikuwa na moyo mzuri huyo binti, lakini alikuwa na tarehe: barua inaondoka mwisho wa mwezi, na tulikuwa tumebakiza siku kumi na tatu.

Bibiane aliona njia moja. Laurette ni damu ya Bintu. Aliyefundishwa mahali pawili anaweza kufundishwa pa tano, akaitika badala ya nyanya yake, na Bintu atakuwa ametoka kwenye mianzi kwa miguu ya mjukuu. Aliniomba nimsindikize Nguba kwa kuwa hajui mageti ya huko. Alivaa kitenge chake cha kanisani na akabeba chungu kipya kama zawadi.

Mlinzi alimwita Laurette. Akatoka amevaa aproni, akatuona, akafunga geti nyuma yake. Bibiane alimweleza yote, pole pole, akishika mkono wake. Laurette alisikiliza akiangalia barabarani. Mwenye nyumba akauliza kutoka barazani ni nani, kwa Kifaransa, na Laurette akajibu kwa Kifaransa kizuri kuwa ni mama mmoja anayeuza vyungu.

Sijui kama Bibiane alielewa Kifaransa. Chungu alikielewa, kwa sababu alikiinua kidogo, kama mtu aliyekuja kuuza kweli, ili kumsaidia mtoto uongo wake usimamie miguu miwili. Hilo liliniuma kuliko jibu lenyewe. Laurette akasema kwa sauti ya chini, "Nyanya, huku banajua mi ni Mushi. Usirudiake hapa." Mushi, yaani mtu wa kabila langu. Akaingia ndani, akarudi na mkate umefungwa kwa karatasi, akatukabidhi. Akasimama akishika geti mpaka tulipokata kona, naweza kumshuhudilia hilo. Alikuwa analia, na hakutuita.

Tulipofika juu, akaweka chungu mlangoni na kuniambia, "Papa Placide, imeisha. Mama atabakia kule pekee, na Bintu pale pekee, na miye hapa."

Hapo ndipo nilipomwambia. Sikuwa nimepanga. Nilisema, "Mahali pa sita ni penye matope mekundu mpaka magotini. Pa saba ni lile jiwe la asali, liko na moto hata asubuhi." Niliendelea mpaka pa kumi na moja nikiwa nimesimama uani kama mtoto anayesema katekisimu. Nilipomaliza alikuwa amekaa chini.

"Unasikilizaka tangu wakati gani?"

"Tangu Domitille alikufa."

"Na Bintu wakati alinyamaza?"

"Nilikuwa pale."

Akaingia ndani na kufunga mlango. Nilimsikia akizunguka. Kisha nikasikia anapigilia. Alikuwa anaziba zile nyufa, moja baada ya nyingine, kwa vitambaa na udongo wa kufinyangia, na jioni hiyo kwa mara ya kwanza upande wangu hakukuwa na mwanga pembeni mwa watakatifu. Siku nne hakunisalimu. Nilistahili. Nilitengeneza redio tatu vibaya, na mwenye mojawapo akaja kunitukana mpaka majirani wakatoka.

Siku ya tano alikuja, akasimama mezani kwangu. Alikuwa amefikiri, na alichofikiri hakuna mtu wa ukoo wake aliyewahi kukifanya. Kumpita Bintu hawezi. Kumwacha hawezi. Lakini yeye mwenyewe alikuwepo mama alipozikwa, miguu yake iliwahi kusimama pale Kwa Mama, na hakuna anayeweza kumkataza mtoto kuanzia safari kwa mama yake. Basi ataanzia mwisho. Atasimulia njia kwa kurudi nyuma, kumi na moja, kumi, tisa, akimfuata dada yake pale alipo. Alichokosa ni mtu wa kuitika, kwani safari ndefu hivyo mtu hawezi kujiitikia, na aliye hai anayejua ardhi ya mahali pale pote alikuwa mmoja tu.

"Weye ni mwizi," akaniambia. "Lakini mwizi anajua kwenye vitu iko."

Akanipima papo hapo. Kwa Mama, nakanyaga nini? Nikajibu kama Bintu alivyokuwa anajibu: udongo mwekundu, laini, unaingia mu vidole, na umeinuka kidogo katikati. Alifumba macho niliposema umeinuka. Nilikuwa nimelisema jibu hilo moyoni jioni nyingi sana, na sikuwahi kuelewa mpaka dakika ile kwamba ni kaburi ninalolikanyaga.

Ariane akarudi na mashine na betri mpya, zikiwa zimebaki siku sita. Tukafunga mlango, tukawasha moto, tukalidanganya jua. Safari hii Bibiane alimwambia avue kofia yake na akae kama mtu. Mimi nilikaa pale alipokuwa anakaa Bintu, mgongo kwenye mbao, na nikasema moyoni kwamba Domitille angenicheka.

Akaanza Kwa Mama. Kisa cha pale nilikuwa nakijua, lakini ukutani unasikia maneno tu, huoni mikono. Mikono yake ilikuwa inachimba. Akaniuliza kama nimefika, nikaitika. Tukashuka kwa mti ulioungua, tukashuka kwa mabonde mawili yanayofanana, ambako yule nyani mwenye kiburi anaiba kofia ya mzungu, na nikacheka kwa sauti baada ya kumcheka kimya miaka yote ile. Bibiane alinitazama kwa hasira, kisha naye akacheka. Jiwe la asali. Matope. Kila mahali aliuliza, na kila mahali nilisema ninachokanyaga. Nitasema kweli: mimi sijawahi kukanyaga pori hilo hata unyayo mmoja, na baba zangu walikuwa kati ya waliofurahi wenye pori walipotolewa. Lakini kwenye matope yale nilihisi baridi ya magotini.

Baada ya matope ilibaki mianzi. Alisimulia kisa cha watoto wawili ndani ya shina, na nikajua, jinsi alivyokisimulia, watoto hao walikuwa kina nani. Akamaliza. Nikafungua mdomo niitike, akaniinulia mkono. Hakuniuliza. Aligeukia mbao, pale pembeni ya bega langu, akaitika yeye.

"Yaya, nimefika," akamwambia dada yake. "Niko nakanyaga majani makavu. Chini iko baridi. Nimefika."

Kisha akalia, na mimi nikalia, na Ariane akaacha mashine iendelee kwa kuwa hakujua afanye nini. Hakuendelea mpaka kijitoni. Ariane alipomkumbusha kwa unyenyekevu kwamba bado mahali pane, akamwambia pale pane alishapachukua siku ya kwanza, apaunganishe mwenyewe, ndiyo kazi aliyosomea.

Ariane akaunganisha. Ramani ikachorwa na mahali pote kumi na moja, kaburi likiwa na alama ndogo ya msalaba ambayo Bibiane aliomba ifutwe, kwani mama yake hakubatizwa. Barua ikaenda Kinshasa. Jibu bado.

Bibiane yuko. Anafinyanga, anaenda sokoni, ananisalimia, na maji tunakunywa kwa kikombe kimoja. Amekuwa mtulivu mpaka ananitia hofu. Lakini hajasimulia tena hata jioni moja. Nilisubiri wiki mbili, kisha nikamuuliza, nikijaribu kufanya mzaha, ni nani atakayenitoa mimi porini, maana aliniingiza na hakunirudisha. Alikuwa anakanda udongo, hakuinua uso.

"Miye nafika kwa Bintu, nabakia naye," akasema. "Njia weye unaijua yote sasa. Ulishaiba. Beba."

Nilisema mimi si wa ukoo wao. Akasema anajua hilo kuliko mimi, na kama Laurette atakuja siku moja kuuliza, nimwambie, na asipokuja nife nayo.

Jana jioni nilizima redio zote. Niliketi ukutani nikataja jina la kijito, la kwanza, kwa sauti, kama alivyokuwa anataja yeye. Nilisimulia kisa chake chote, vibaya kidogo. Nikauliza, "Umefika?"

Upande wa pili nilimsikia akikohoa, kisha kitanda kikalia akijigeuza. Alikuwa macho, najua, na alinisikia. Hakuitika. Nikauliza tena, nikangoja mpaka makaa yangu yakazima, na kwa kuwa sharti ni sharti, sikuvuka.

Bado niko kijitoni.